Somo la 7: Fedha ya Matumizi ya Nyumbani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 14:28-30, Mithali 27:23-27, Kutoka 16:13-30, 2 Wafalme 4:1-7, Mwanzo 41:33-36, Matendo 6:1-7, Yohana 6:1-13.

Fungu la kukariri: Mithali 21:20. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, na familia nzima ilikariri pamoja.

Fikiria nyumba moja ya waumini. Mume ni mtumishi wa halmashauri, na mshahara huingia tarehe 28. Kila asubuhi humwachia mkewe fedha ya matumizi mezani, kisha huondoka. Ikifika tarehe 17 mshahara umekwisha, na mume huacha nusu ya kiasi cha kawaida, au haachi kitu. Mke hanung'uniki. Humtuma mtoto dukani kwa jirani, vitu huletwa, na deni huandikwa.

Ijumaa moja alasiri, wageni wa Sabato wakiwa njiani, mtoto anarudi mikono mitupu. Mwenye duka amesema deni limefika shilingi 86,000, naye hawezi kuongeza. Mume yupo nyumbani siku hiyo, na hajawahi kusikia habari za deni hilo. "Hela ninayoacha inakwenda wapi?" anauliza kwa ukali. Mke anajibu kwa sauti ya chini, "Baba watoto, tangu mwaka uanze umewahi kuniuliza bei ya mchele?" Jua likakaribia kuzama, na Sabato ikawakuta wawili hao hawasemezani.

Katika nyumba hiyo hakuna mlevi, wala hakuna mwizi. Kuna zaka iliyorudishwa na watoto wanaokwenda shule. Hata hivyo amani imetoweka kwa ajili ya unga na mafuta ya kupikia. Juma hili tutajifunza jinsi Neno la Mungu linavyosema na jiko letu.

JUMAPILI
Kuketi na Kuhesabu

Soma Luka 14:28-30. Mtu anayetaka kujenga mnara hufanya nini kwanza? Hupatwa na nini asipofanya hivyo?

Yesu alikuwa akifundisha juu ya gharama ya kumfuata. Alitumia mfano huo kwa sababu kila msikilizaji alijua kwamba mtu mwenye akili huketi chini kwanza na kuhesabu. Mithali 27:23 inampa mfugaji agizo linalofanana na hilo: aijue vizuri hali ya mifugo yake. Hawezi kuitunza kwa kukisia.

Nyumba nyingi hupanga bajeti ya chakula kwa kukisia, na ndiyo maana haidumu hata juma la pili. Hatua ya kwanza ni kuandika. Chukua daftari la kawaida, na kwa mwezi mmoja andika kila shilingi inayotoka siku hiyo hiyo kabla ya kulala: unga, nyanya, mkaa, nauli, vocha ya simu, maandazi ya asubuhi, soda ya mchana. Usimkaripie mtu yeyote katika mwezi huo. Andika tu.

Daftari husema ukweli bila kugombana na mtu. Shilingi 1,500 kwa siku za vitafunwa na soda huonekana ndogo, lakini katika siku 30 ni shilingi 45,000. Ellen G. White, alipoandika kuhusu nyumba ya Mkristo, alisisitiza kwamba watu wote wajifunze kuweka hesabu. Aliiona kuwa sehemu ya malezi, ambayo hata watoto wapaswa kuizoea mapema.

Je, unaweza kusema leo, bila kukisia, nyumba yako ilitumia kiasi gani kwa chakula mwezi uliopita? Kama huwezi, ni nini kimekuzuia?

JUMATATU
Pishi kwa Kila Kichwa

Soma Kutoka 16:13-30. Mungu aliweka kipimo gani kwa kila mtu? Siku ya sita ilikuwa na tofauti gani?

Bwana alikuwa na uwezo wa kumwaga mana bila kipimo, lakini aliweka pishi moja kwa kila mtu. Waliookota kingi hawakubakiwa na ziada, na waliookota kidogo hawakupungukiwa. Aliyeficha cha kesho alikuta mabuu na uvundo. Lakini siku ya sita waliokota maradufu, na kilichowekwa kwa ajili ya Sabato hakikuharibika. Kipimo, mpangilio wa siku, na maandalio ya Sabato vilifundishwa vyote kwa njia ya chakula.

Kanuni hiyo inaweza kutumika hata leo. Tuchukue mfano wa mapato ya shilingi 620,000 kwa mwezi. Zaka ni 62,000, na familia imekusudia sadaka ya 18,000. Hizo hutengwa kwanza. Zinabaki 540,000, na familia inapanga 240,000 kwa chakula. Kiasi hicho kisikae katika fungu moja. Kigawanywe hivi:

Shilingi 120,000 ni za vitu vya kuweka: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari na chumvi. Hivi hununuliwa mara moja mshahara unapoingia.

Shilingi 90,000 ni za genge: mboga, nyanya, vitunguu, matunda, dagaa. Hizi ni 3,000 kwa siku, na hutolewa kwa juma, siyo zote kwa pamoja.

Shilingi 30,000 ni za wageni na dharura za jikoni.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kugawa fedha ya mwezi kwa majuma manne. Majuma manne ni siku 28, lakini miezi karibu yote ina siku 30 au 31. Siku hizo mbili au tatu ndizo zinazoipeleka familia dukani kukopa. Gawa kwa siku. Tena panga bahasha ya kila juma ianzie Jumapili na kufika Ijumaa ikiwa bado na fedha, ili manunuzi ya Sabato yafanyike mapema na jua lizame nyumba ikiwa na utulivu.

JUMANNE
Una Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alikuwa katika hatari gani? Elisha alimwuliza swali gani kabla ya muujiza?

Mwanamke huyu alikuwa mjane wa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Bwana. Uchaji wa mumewe haukulifuta deni. Mwia alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii alimwuliza ana nini nyumbani, naye akakumbuka chupa moja ya mafuta. Baada ya muujiza hakuambiwa afanye sherehe. Aliambiwa auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Angalia mpangilio huo: deni lilitangulia, matumizi yakafuata.

Deni la dukani huanza kwa kilo moja ya sukari. Hakuna mkataba wala riba inayotajwa, kwa hiyo halionekani kuwa deni. Lakini anayekopa hawezi kuchagua duka lenye bei nafuu, wala hawezi kuuliza kwa nini bei imepanda. Kwa kawaida pia hununua kwa vipimo vidogo. Kama robo lita ya mafuta inauzwa 1,800 na lita nzima 6,000, anayenunua robo nne hulipa 7,200. Amelipa 1,200 zaidi kwa mafuta yale yale. Mithali 22:7 inaeleza hali yake waziwazi.

Njia ya kutoka ni ile ya mjane. Kwanza, hesabu kilichopo: fungua kabati, pima unga uliobaki, ndipo uandike orodha ya manunuzi. Pili, nenda kwa mwenye duka mwenyewe, usimtume mtoto. Mpe heshima yake, mweleze ukweli, mkubaliane kiasi cha kulipa kila mwezi. Tatu, usiongeze deni jipya juu ya la zamani, hata kama meza itakuwa ya ugali na mboga za majani kwa siku kadhaa.

Kuna deni gani ambalo umekuwa ukilikwepa kwa kupita njia nyingine?

JUMATANO
Wakati wa Mavuno

Soma Mwanzo 41:33-36 na Mithali 6:6-8. Yusufu na chungu wanafanana katika jambo gani?

Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba katika miaka 7 ya shibe. Hakungoja njaa ionekane. Chungu naye, asiye na msimamizi, hukusanya wakati wa mavuno.

Katika mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua, mahindi huwa na bei ya chini baada ya mavuno, katikati ya mwaka, na hupanda kuelekea Januari na Februari, wakati ada na sare za shule zinapodaiwa pia. Familia inayoweza kuweka kando kidogo kila mwezi na kununua mahindi ya miezi kadhaa wakati wa mavuno itapunguza sana gharama ya unga. Wasioweza peke yao hufaulu wakiungana, nyumba tatu au nne, kununua gunia moja na kugawana kwa debe.

Lakini akiba isiyotunzwa ni hasara. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa, kwa maana unyevu huleta ukungu na sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika. Yawekwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa huzuia dumuzi bila dawa, mradi ifungwe vizuri na isitobolewe.

Na tukumbuke Mambo ya Walawi 19:9, 10. Mwenye shamba aliagizwa asivune pembe zake zote, ili maskini na mgeni wapate. Bajeti isiyo na nafasi ya mgeni ni kali kuliko sheria ya Musa. Ndiyo sababu fungu lile la 30,000 halikusahau wageni.

ALHAMISI
Meza Isiyo na Siri

Soma Matendo 6:1-7. Manung'uniko katika kanisa la kwanza yalihusu nini? Mitume walifanya nini?

Kanisa lililojazwa Roho Mtakatifu lilipata manung'uniko kwa sababu ya chakula. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika kana kwamba hawana imani. Waliita mkutano, wakalisema jambo waziwazi, na watu saba wenye kuaminika wakawekwa kulisimamia. Baada ya hapo, fungu la 7 linasema, neno la Mungu lilienea.

Turudi kwenye nyumba ile ya mwanzo. Jumapili asubuhi mume alivunja ukimya. "Mama watoto, nilisema vibaya. Leta hilo daftari la dukani tulione wote." Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka 11 ya ndoa: alimwonyesha mkewe karatasi ya mshahara, pamoja na makato yake. Mke aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa akidhani mumewe anapata zaidi na anaficha. Mume alikuwa akidhani mkewe anapewa ya kutosha na anatapanya. Wote wawili walikosea.

Waliandika kwa mwezi mmoja. Shilingi 45,000 za vitafunwa na soda zilikuwa za mume. Hakuziacha zote, lakini alipunguza 20,000 kila mwezi, na hizo zikaenda kwa mwenye duka. Deni la 86,000 lilikwisha mwezi wa tano. Mwezi wa tatu walishindwa, maana mtoto aliugua na bahasha ya genge ikatumika hospitali. Hawakukopa. Walikula maharage siku 9 mfululizo, wakaanza tena mwezi uliofuata.

Katika nyumba yako, nani anajua mapato yote? Nani anajua bei zote za sokoni? Mazungumzo gani yanahitajika kati yao?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Yohana 6:1-13. Yesu alikuwa ametoka kuwalisha wanaume wapata 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2. Kwa nini aagize makombo yakusanywe? Aliyeweza kuumba mkate hakuwa na upungufu, lakini hakutaka kipawa cha Baba kitupwe. Vikapu 12 vilijazwa. Ukarimu na uangalifu vilikaa pamoja katika mkono mmoja. Nasi tunapopasha kiporo vizuri, au kupika kinachotosha, tunamfuata yeye.

Kushika bajeti ya chakula hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu, wala kushindwa mwezi mmoja hakumwondoi katika neema. Ni uwakili tu, unaofanywa kila siku, katika vitu vidogo, mbele za Mungu anayejua kwamba tunahitaji hivyo vyote.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anasema, "Kupanga bajeti ni kukosa imani, Bwana atatoa." Utamjibuje ukitumia Kutoka 16 na Yohana 6?

2. Mapato ya wengi hayana tarehe: mama lishe, dereva wa bodaboda, mkulima. Kanuni za juma hili zinawezaje kutumika kwao? Waacheni wenye uzoefu katika darasa lenu waeleze wanavyofanya.

3. Kuna nyumba ambazo hata zikipanga vizuri, fedha haitoshi. Kanisa lenu lina wajibu gani kwao, kwa mwanga wa Matendo 6? Taja jambo moja ambalo darasa linaweza kufanya kabla ya Sabato ijayo.

4. Ni jambo gani gumu zaidi kwako: kuandika, kusema ukweli kwa mwenzi wako, au kumwendea unayedaiwa naye? Omba kwa ajili ya jambo hilo leo, kabla jua halijazama.