Propela za Ndege ya Injini Mbili: Zizunguke Upande Gani?

Katika ndege ndogo kama Cessna 310 au Beechcraft Baron, injini ya kushoto ikizimika rubani hupata taabu kubwa kuliko ikizimika ya kulia. Sababu iko kwenye mzunguko wa propela.

Ukizitazama kutoka kiti cha rubani, propela zote mbili huzunguka kufuata mshale wa saa. Ndege inapopanda polepole, pua ikiwa juu, panga linaloshuka huikata hewa kwa pembe kubwa kuliko linalopanda, hivyo huvuta zaidi. Panga hilo huwa upande wa kulia wa kila propela: kwa injini ya kushoto ni karibu na kiwiliwili cha ndege, kwa ya kulia ni mbali nacho. Na mvuto ulio mbali huigeuza ndege kwa nguvu zaidi. Basi ikibaki injini ya kulia peke yake, pua hukimbilia kushoto, na pedali ya kulia hukanyagwa kwelikweli.

Piper Seneca, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipangwa vingine. Propela yake ya kulia huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo mapanga yote mawili hushukia upande wa kiwiliwili, na hakuna injini iliyo mbaya kuliko mwenzake. Injini hiyo ya kulia utaitambua kwenye kibao chake: katika Seneca za mwanzo ni LIO-360, herufi L ikionyesha mzunguko wa kushoto.

Lakini kuzungusha kinyume peke yake hakutoshi. P-38, ndege ya kivita ya Marekani, ilifanya hivyo huku mapanga yakishukia nje. Injini yoyote iliyozimika ilimwachia rubani ile hali ngumu.

Gharama ndiyo huwazuia watengenezaji wengi kuzungusha propela kinyume. Propela ya kushoto haifungwi kulia, na hata magneto hutofautiana. Kwa ndege inayofanya kazi mbali na karakana, huo ni mzigo halali wa kufikiriwa.

Ninachokihofia zaidi ni mwanafunzi kudhani kwamba Seneca haitageuka. Itageuka, ila kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Mstari mwekundu kwenye kipima mwendo, unaoonyesha mwendo wa chini wa kuimudu ndege kwa injini moja, upo kwake pia. Ndege ikianza kukushinda karibu na mstari huo, punguza nguvu ya injini iliyo hai na ushushe pua mara moja, hata kama ardhi iko karibu na moyo unakusukuma uivute juu.