HESABU YA FEDHA ZA DUKA KWA MWEZI

Mkulima mwenye duka, kabla mwezi haujaanza, gawanya ukurasa wa daftari kwa mstari. Kushoto andika fedha zitakazoingia, kulia, zitakazotoka. Tuseme ni Januari, huko Trans Nzoia. Sandukuni mna Sh. 6,000, mauzo ya taslimu Sh. 20,000, madeni Sh. 3,000: jumla Sh. 29,000. Mali mpya Sh. 20,000, kodi na usafirishaji Sh. 4,500, karo ya watoto Sh. 6,000: jumla Sh. 30,500. Zimepungua Sh. 1,500. Basi punguza mali isiyotoka upesi, kama sufuria, karo usiiguse.

Katika madeni, andika yale tu yenye siku ya kulipwa. Ahadi ya “nikiuza mahindi” si fedha ya Januari. Na unga uendao jikoni kwako usiutie katika mauzo. Hauleti hata senti.