Taa ya Upepo wa Magurudumu Isiyotaka Kuzimika



Ng'ombe wako akikataa kula, wamtazama, wampima joto, kisha watafuta ugonjwa. Yafaa ufanye vivyo hivyo motokaa yako inapowasha ile taa ndogo ya manjano mbele ya dereva, yenye mfano wa chungu kilicho wazi juu na alama ya mshangao ndani yake. Taa hiyo inakuambia jambo moja kati ya mawili: ama upepo wa gurudumu umepungua, ama chombo kinachopima upepo kimeharibika.

Wako watu wanaoibandika karatasi wasiione. Hilo ni kosa kubwa. Tairi lenye upepo mchache hujikunja sana linapozunguka, hupata moto, na likibeba mzigo laweza kupasuka. Fikiri gari lenye mitungi ya maziwa nyuma na watoto wa shule mbele, linateremka mlima, mara tairi linapasuka! Hata lisipopasuka, huisha upesi kwenye kingo zake, na gari hula petroli zaidi.

TAZAMA JINSI INAVYOWAKA

Washa gari na uitazame taa. Ikiwaka moja kwa moja bila kumemeta, upepo umepungua. Lakini katika magari mengi, ikimemeta kwa muda wa dakika moja hivi, kisha ikabaki inawaka, shida iko katika chombo chenyewe. Hata hivyo usikisie. Pima magurudumu yote kwanza.

PIMA ASUBUHI, GARI LIKIWA BARIDI

Nunua geji yako mwenyewe. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi. Pima asubuhi kabla ya safari, au gari likiwa limesimama saa 3 au zaidi, kwa sababu safari hupasha tairi moto na kuongeza upepo. Mtu akijaza tairi likiwa moto akaridhika na kipimo hicho, kesho yake atakuta limepungua.

Tena, hewa ikipoa kwa digri 5 au 6 za Selsiasi, upepo hupungua karibu paundi 1. Ndiyo sababu mkulima wa Kinangop au Molo huona taa alfajiri, na saa sita mchana haipo. Asidhani imepona. Upepo ulikuwa umepungua tangu mbele, baridi ikamalizia tu.

Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko katika nguzo ya mlango wa dereva. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi. Hiyo ni ya upepo mwingi kabisa ambao tairi laweza kuvumilia. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kPa. Ukiona 200, tia paundi 29. Ukiona 220, tia 32. Ukiona 240, tia 35. Vikiwako vipimo viwili, kile kikubwa ni cha gari lililojaa mzigo.

IKIZIMIKA KISHA IKARUDI

Ukijaza upepo, endesha kama nusu saa. Taa ikizimika, vema. Lakini ikirudi baada ya siku chache, na kila mara ni gurudumu lile lile, upepo unavuja polepole. Usiendelee kulijaza kila wiki kama mtu achotaye maji kwa kikapu. Changanya sabuni na maji, upake tairi lote, na mahali tairi linapokutana na rimu, na mdomo wa valvu. Mapovu yakitoka, hapo ndipo panapovuja. Ukikuta msumari au mwiba, usiung'oe mpaka umefika kwa fundi wa pancha au uko tayari kubadili gurudumu. Usisahau gurudumu la akiba. Katika magari mengine nalo lina chombo chake, nalo laweza kuwasha taa.

UPEPO NI SAWA, TAA HAIZIMIKI

Hapa sharti ujue gari lako ni la namna gani, maana ziko namna mbili.

Namna ya kwanza haina chombo ndani ya gurudumu. Gari huhesabu mizunguko kwa kutumia vipimo vya breki. Gurudumu lenye upepo mchache huwa dogo kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi kuliko mengine. Gari la namna hii lataka kufundishwa upya kila unapojaza upepo au kubadili tairi. Tafuta kidude chenye alama ile ile ya taa, au neno SET, ukibonyeze na kukishikilia kama kitabu cha gari kinavyoeleza. Lakini angalia sana! Usikibonyeze kabla ya kupima na kujaza. Ukifanya hivyo, gari litashika ule upepo mbaya kuwa ndio kipimo kizuri, taa itazimika, na hatari itabaki. Pia matairi ya saizi mbalimbali hulidanganya gari la namna hii.

Namna ya pili ina chombo kidogo chenye betri ndani ya kila gurudumu, kwa kawaida nyuma ya valvu. Betri hiyo hudumu miaka 5 hadi 10. Gari likifika Kenya likiwa na miaka 7, usistaajabu betri zikifa upesi. Kwa kawaida betri haibadiliwi peke yake. Hununuliwa chombo kizima, na fundi mwenye mashine hukitambulisha kwa gari. Chombo hiki huvunjika pia kwa chuma cha kuondolea tairi, kwa hiyo mwonye fundi wa pancha kabla hajaanza kazi.

Kama huna fedha za chombo kipya mwezi huu, gari lako laweza kwenda, lakini halina mlinzi tena. Basi wewe ndiwe mlinzi. Pima magurudumu yote kwa geji kila wiki, na kila unapopakia mzigo wa kwenda sokoni.

KUMBUKA: Pima kwanza, jaza, tafuta panapovuja, na mwisho kabisa ndipo ushughulike na taa.