Shabiki, Utunze Moyo Wako Kabla ya Filimbi

UKIPITA mjini Subukia siku ya mechi kubwa, huna haja ya kuuliza nani anacheza. Kelele za vibanda vya video zitakujulisha. Huyu ni wa Arsenal, yule ni wa Mashetani Wekundu, na K'Ogalo wakikutana na Ingwe, hata waliokunywa chai pamoja asubuhi huketi kila mmoja upande wake.

Mapenzi haya si ya jana. Nakuru All Stars ilitwaa ligi ya Kenya mwaka wa 1963, na Ulinzi Stars ikashinda ligi hiyo mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005. Ushabiki huburudisha na kuleta marafiki. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza moyo wako hupitia nini katika dakika hizo 90?

Mwili unavyofanya

Timu yako inaposhambuliwa, mwili hudhani ni wewe unayeshambuliwa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, baadhi ya mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Kwa mtu mwenye afya njema, hali hii hupita. Kwa mwenye mishipa iliyozibwa kiasi na mafuta, utando unaofunika mafuta hayo unaweza kupasuka, damu ikaganda hapo na sehemu ya moyo ikakosa damu. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Hili si jambo la kubuni. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa eneo la Munich, Ujerumani, waliona kuwa siku ambazo Ujerumani ilicheza, visa vya dharura vya moyo viliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Wanaume waliathirika kuliko wanawake, na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo wakaumia zaidi. Visa vingi vilitokea katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza. Nchini Uingereza nako, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo waliongezeka kwa robo siku ambayo timu yao ilishindwa na Argentina kwa penalti mwaka wa 1998, na siku mbili zilizofuata.

Ufanye nini?

Kwanza, pima shinikizo la damu, hata kama hujisikii mgonjwa. Vipimo vya 140 kwa 90 au zaidi, vikirudiwa, vinahitaji daktari.

Pili, ikiwa umeandikiwa dawa, zimeze kwa wakati. Usiseme, "Nitameza baada ya mechi."

Tatu, punguza pombe, sigara na vyakula vya chumvi nyingi. Mambo haya yakiungana na hasira, moyo hubebeshwa mzigo mara mbili.

Nne, zijue dalili za hatari: kifua kubana au kuuma, maumivu kuelekea mkono, shingo au taya, jasho jembamba, kichefuchefu na kukosa pumzi. Usingoje kipenga cha mwisho. Mwambie jirani akupeleke hospitali mara moja, hata akiwa shabiki wa timu pinzani.

Maisha ni zaidi ya bao

Hatari nyingine ni msongamano. Mnamo Oktoba 23, 2010, watu saba walifariki katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Ukienda uwanjani, fika mapema, na ukiona watu wanasukumana langoni, ondoka kwa upande. Hakuna bao linalostahili maisha yako.

Mwisho, tuyatazame majina yetu. Mechi ya Gor na Leopards huitwa ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Tanzania nako, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Mtani hukukejeli utakavyo, lakini siku ya msiba ndiye wa kwanza kufika. Shemeji naye hukucheka ukishindwa, kisha mnakula sahani moja.

Basi mshindani wako akikutania Jumatatu, jibu kwa utani, si kwa ngumi. Ukihisi hasira inapanda, toka nje ya kibanda, vuta pumzi polepole mara kadhaa, unywe maji. Timu yako itacheza tena wiki ijayo. Jambo la muhimu ni wewe uwepo kuitazama.