Somo: Mwaka ujao tusome vitabu gani?



Mwaka unapokaribia mwisho, vikundi vya kusoma huanza kujiuliza vitabu gani vichaguliwe. Kwa jamaa iliyokimbia kijiji ikiwa na sufuria na godoro tu, swali hilo laweza kuonekana la anasa. Sisi hatulioni hivyo. Tangu mauaji yalipoanza eneo la Beni mwezi Oktoba 2014, tumeishi kwa habari za mdomoni, na habari nyingine zimeua. Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, wengi waliona ugonjwa ule ni biashara ya watu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. (Tuseme kweli: watu waliochinjwa miaka minne bila kuona msaada mkubwa namna ile walikuwa na sababu za kushuku.) Mwenye kusoma pamoja na wenzake huzoea kuuliza: nani anasema haya, naye amejuaje?

Kosa letu la kwanza lilikuwa orodha ndefu. Tulichagua vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi, tukamaliza vitatu. Msimu wa shamba ulifika, na wengine walihama tena. Kwa hiyo chagueni vitatu au vinne tu, na kila kimoja kiguse swali ambalo kikundi kinalo tayari.

Kama swali ni vijana na silaha, tunapendekeza Kinjeketile, mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein uliotolewa mwaka 1969. Unahusu vita vya Maji Maji, kusini mwa Tanzania, mwaka 1905 hadi 1907. Watu waliamini kwamba maji ya dawa yangezuia risasi za Wajerumani. Nani kwetu Kivu hajasikia maneno kama hayo? Lakini mchezo hauwacheki wapiganaji. Unaonyesha maji yakiunganisha makabila yaliyokuwa hayasikilizani, kisha neno likimshinda hata yule aliyelitoa, naye hawezi tena kulizuia. Wagawieni vijana sehemu za kusoma kwa sauti. Jioni mbili au tatu zatosha. Onyo moja kwa kiongozi: asiruhusu mtu kutaja kundi lolote la hapa wala mtoto wa fulani. Mzungumzie watu wa mchezo tu. Kila mmoja atafahamu mwenyewe, na hakuna atakayerudi nyumbani na hatari.

Kama swali ni uongozi, someni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na katika kujitetea anaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, wakarudi na kufungwa. Kiswahili chake ni kizito kwa masikio ya Butembo. Someni kurasa chache, kisha mmoja aeleze kwa Kinande.

Kwa haki zetu, kuna Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao, za mwaka 1998. Ni kanuni 30 tu. Anzeni na ya 18, inayotaka wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada, na ya 28, isemayo kwamba kurudi nyumbani kuwe kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Mkikosa nakala ya Kiswahili, mwalimu aitafsiri kutoka Kifaransa. Na kuomba sheria za nchi kwa Kiswahili si kuomba fadhila: Katiba ya 2006, kifungu cha 142, inaiagiza serikali kuzieneza katika lugha nne za taifa ndani ya siku 60.

Nakala moja yatosha kikundi kizima. Msomaji aketi karibu na taa, na mama asiyejua kusoma apewe nafasi ya kwanza kusema alichosikia. Mara nyingi ndiye aliyesikiliza vizuri kuliko wote.

Maswali ya kujadiliana:

Ni swali gani linatunyima usingizi mwaka huu, na kitabu gani kinaligusa?

Nani katika familia zilizotupokea hajaalikwa kusoma nasi?

Tukilazimika kuhama tena, nani atabeba vitabu?