SOMO LA SHERIA: MUUZAJI BINAFSI NA MKUSANYAJI WA SILAHA PINDI SHERIA INAPOBADILIKA

Bunduki ni mali, lakini si mali kama baiskeli au mbuzi. Mwenye mbuzi humuuza kwa amtakaye, siku aitakayo, na shahidi akiwapo ni kwa heshima tu. Mwenye bunduki hana uhuru huo. Hata pale alipokuwa na nafasi fulani ya kuuza au kuhifadhi, sheria mpya yaweza kuibana nafasi hiyo ilhali bunduki yenyewe haikuondoka kabatini.

Somo hili linalieleza jambo hilo kwa mfano wa Afrika ya Kusini, nchi ambayo mabadiliko ya sheria yake ya silaha yamefikishwa mahakamani mara kadhaa na kutolewa hukumu zenye mafunzo. Mfano huu haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Mwezi wa Agosti 2001, huko Blantyre, nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Tanzania na Afrika ya Kusini zikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi. Itifaki hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2004, inazitaka nchi wanachama zidhibiti umilikaji wa silaha kwa raia na kuweka kumbukumbu zake. Tanzania nayo ilitunga Sheria Namba 2 ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti wa silaha na risasi. Ieleweke kwamba masharti yanayotajwa hapa chini ni ya Afrika ya Kusini. Mwananchi mwenye suala juu ya silaha iliyopo hapa nchini alipeleke kituo cha Polisi.

Kabla ya mabadiliko, Afrika ya Kusini ilitumia Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1969. Chini ya sheria hiyo, aliyepewa leseni aliishika bila ya ukomo wa muda. Watu walizeeka na leseni zao, na karatasi zikachakaa ndani ya mikoba pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ndipo ikaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto, Namba 60 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kwa sehemu yake kubwa tarehe 1 Julai 2004. Sheria hii ilimtaka kila mwombaji apate kwanza cheti cha umahiri, yaani athibitishe kwamba amefunzwa matumizi ya silaha, anaijua sheria na anafaa kuaminiwa nayo. Umri wa chini ukawa miaka 21. Kila silaha ikahitaji leseni yake peke yake, na kila leseni ikapewa muda: miaka 5 kwa silaha ya kujilinda, miaka 10 kwa silaha ya mawindo na michezo, na miaka 10 kwa silaha iliyomo katika mkusanyo wa mtu binafsi.

Muuzaji binafsi aliguswa moja kwa moja. Sheria inakataza biashara ya silaha bila ya leseni ya biashara hiyo. Mtu binafsi anayemiliki silaha kihalali na kutaka kuiuza hana budi kuipitisha kwa mfanyabiashara mwenye leseni, au aiuze kwa masharti aliyoyaweka Mrajis wa Silaha, ambaye ndiye Mkuu wa Polisi wa nchi.

Chukulia kwamba mkulima ana bunduki ya mawindo na jirani yake ameipenda. Wamekubaliana bei, na fedha zimelipwa. Katika biashara ya kawaida malipo na makabidhiano hufuatana kama kivuli na mwenye nacho. Katika biashara hii, baina ya mawili hayo huingia Mrajis. Jirani lazima awe na cheti cha umahiri, kisha aombe leseni kwa ajili ya bunduki ile ile, kwa namba yake, akieleza anaitakia nini. Maadamu leseni hiyo haijatoka, bunduki haipokelewi, ingawa bei imekwisha kulipwa hadi senti ya mwisho. Kungoja huko huweza kuchukua miezi, na ndiyo sababu wauzaji wengi huiacha silaha kwa mfanyabiashara mwenye leseni kama amana, aikabidhi wakati utakapofika. Ni jambo la busara, kwani mwenye kuiweka bunduki nyumbani akisubiri leseni ya mwenziwe huweza kusahau kwamba leseni yake mwenyewe nayo inakaribia kwisha.

Suala la muda ndilo lililozaa mashauri makubwa. Wenye leseni za zamani walitakiwa wazibadilishe kwa awamu, kwa kufuata miezi ya kuzaliwa, na awamu ya mwisho ilikoma tarehe 31 Machi 2009. Wengi hawakuwahi. Mwezi wa Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Pretoria ilitoa amri ya muda kwamba leseni za sheria ya 1969 zihesabiwe kuwa bado zina nguvu hadi shauri lenyewe litakapokwisha. Amri hiyo iliwakinga wenye leseni za zamani peke yao. Aliyekwisha kupewa leseni mpya yenye muda, kisha akauacha muda upite, hakuwamo ndani ya kinga hiyo. Ajabu iliyopatikana ni kwamba mtiifu aliyebadilisha leseni yake mapema aliweza kujikuta pabaya zaidi kuliko jirani yake ambaye hakujishughulisha kabisa.

Sheria inamtaka mwenye leseni aombe kuihuisha angalau siku 90 kabla ya kwisha kwake. Akiomba kwa wakati, leseni huendelea kuwa halali mpaka ombi litolewe uamuzi, hata uamuzi ukichelewa. Asipoomba, leseni hukoma siku yake ikifika, na kuanzia hapo kuishika silaha ni kosa la jinai. Chama cha wawindaji kilipinga vifungu hivyo, kikidai kwamba mtu aliyepitiwa na tarehe hana mlango wa kutokea: hawezi kuhuisha leseni, hawezi kuuza silaha, na akiipeleka polisi huwa amejishitaki mwenyewe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria ilikubaliana nacho na kuvitangaza vifungu hivyo kuwa vinakwenda kinyume na Katiba.

Tarehe 7 Juni 2018 Mahakama ya Katiba iliitengua hukumu hiyo kwa kauli moja. Mahakama ilieleza kwamba umilikaji wa bunduki katika nchi ile si haki ya msingi iliyotajwa katika Katiba, bali ni ruhusa inayotolewa na kusimamiwa na sheria. Ikaendelea kusema kwamba mwenye leseni anajua tangu siku ya kwanza muda wake utakwisha lini, na anajua yampasayo kabla ya siku hiyo: ahuishe, ama aiuze au aiondoe silaha mikononi mwake kwa njia ya halali. Hukumu hiyo ni kali, lakini hoja yake ni ngumu kuivunja. Nafasi ya kuuza ipo, tena ni ndefu. Isipokuwa hufungwa kabla ya leseni kufungwa, wala haifunguliwi tena baadaye.

Kwa upande wa wakusanyaji, mabadiliko yalikuwa ya aina nyengine. Zamani kukusanya silaha kulikuwa ni mapenzi ya mtu na uwezo wa mfuko wake. Chini ya sheria ya 2000, mkusanyaji binafsi hana budi awe mwanachama wa chama cha wakusanyaji kinachotambuliwa, na chama hicho ndicho kinachoikubali kila silaha kwa vigezo vilivyowekwa, kama vile thamani yake kwa historia au kwa ufundi. Bunduki kuwa kuukuu tu hakutoshi. Akitaka kuuza kimoja katika vitu vyake, mnunuzi naye sharti awe na sababu inayokubalika na leseni ya kitu hicho. Kwa hivyo mkusanyo unaweza kuwa na thamani kubwa katika daftari na wanunuzi wachache mno mlangoni.

Hata gobori, ile bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, haikusalimika. Mwanzoni magobori ya kale yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1900 hayakuhesabiwa kuwa silaha za moto kwa maana ya sheria hiyo. Marekebisho ya mwaka 2006, yaliyoanza kutumika Januari 2011, yalimtaka mwenye gobori awe na cheti cha umahiri, ijapokuwa hakutakiwa leseni ya kila moja.

Suala la mirathi huwakuta watu wakiwa katika huzuni, na pengine kwa hiyo halifikiriwi mapema. Bunduki ya marehemu huingia katika mali yake, lakini leseni ni ya mtu na hairithiwi. Msimamizi wa mirathi huihifadhi silaha mahali salama, na mrithi haichukui mpaka apate leseni kwa jina lake. Asiyeitaka, au aliyenyimwa leseni, huiacha iuzwe kwa njia ya halali, iharibiwe na fundi mwenye leseni isiweze kufyatua tena, au isalimishwe Polisi.

Waliokwisha kupitiwa na muda walifunguliwa mlango mara mbili kwa msamaha wa serikali: kwanza kuanzia tarehe 1 Disemba 2019 hadi 31 Mei 2020, kisha kuanzia tarehe 1 Agosti 2020 hadi 31 Januari 2021. Aliyeisalimisha silaha yake ndani ya muda huo hakushitakiwa kwa kuishika bila ya leseni, na aliruhusiwa kuomba leseni mpya ya silaha ile ile huku ikibaki mikononi mwa Polisi. Kila silaha ilichunguzwa kitaalamu kuona kama ilipata kutumika katika uhalifu, na iliyoonekana kuwa ilitumika haikuhusika na msamaha huo.