SOMO: DUMU LA SAMAKI DIRISHANI



Asubuhi moja hapa Malindi, mwenzetu mmoja wa darasa la jioni alikwenda kwenye bwawa lake kabla jua halijatoka. Aliwakuta samaki wote wako juu juu ya maji. Walikuwa wanapanua midomo kama watu wanaotweta baada ya kupanda mlima. Jua lilipotoka, wengi walikuwa wamekufa. Ni perege aliowalisha kwa miezi saba. Alitaka kuwauza apate sare na madaftari ya watoto.

Maneno yakaanza. Watu walisema, "Hapa pana mkono wa mtu." Akatajwa jirani aliyewahi kugombana naye juu ya mfereji wa maji. Siku tatu nzima wawili hao hawakusalimiana.

Sisi walimu tulimwuliza swali moja tu: "Jana ulitia nini bwawani?"

Akajibu, "Samadi tu, bwana. Matoroli sita, mbichi, toka zizini. Nilitaka wanenepe upesi."

Je, samadi inaweza kuua samaki? Hatukutaka kujibu kwa maneno matupu. Tulitengeneza bwawa dogo ambalo kila mtu anaweza kulitazama kwa ubavuni. Tulilitengeneza ndani ya dumu.

SAMAKI ANAVUTA HEWA

Samaki anavuta hewa kama sisi. Hewa anayoihitaji inaitwa oksijeni. Imo ndani ya maji, lakini ni kidogo. Samaki huitumia, kisha hutoa hewa nyingine inayoitwa hewa ya ukaa. Sisi pia tunapopumua tunatoa hewa hiyo ya ukaa.

Majani nayo yana kazi yake. Penye mwanga, majani huchukua hewa ya ukaa na kutoa oksijeni. Jambo hili liligunduliwa zamani. Mwaka 1779 daktari Jan Ingenhousz, mzaliwa wa Uholanzi, alieleza kwamba majani ya majini yakipata jua hutoa mapovu ya hewa nzuri, na gizani kazi hiyo husimama. Karibu mwaka 1850 huko London, mkemia Robert Warington aliweka samaki wawili na mmea wa majini katika chombo cha kioo. Baada ya muda, majani makuukuu yalioza na maji yakachafuka. Akatia konokono. Konokono wakala yale yaliyooza, na maji yakawa safi tena.

Hebu jaribu mwenyewe. Chukua chupa mbili za maji zinazoonyesha ndani. Tia kijiti cha mmea wa majini katika kila chupa. Moja iweke juani, nyingine ifunike kwa kitambaa cheusi. Baada ya saa moja zitazame. Ile ya juani itakuwa na vipovu vidogo kwenye majani. Usiku, majani hayatoi oksijeni. Yenyewe huvuta ile iliyomo majini, kama samaki. Shika sana neno hili, tutalirudia.

VITU VINAVYOTAKIWA

Dumu la maji ya kunywa la lita 18, la plastiki inayoonyesha ndani, lililokatwa kichwa. Udongo. Changarawe ndogo au mchanga wa mtoni. Mimea ya majini. Maji. Samaki wadogo wawili.

Mjini watu wengine hununua mtungi wa hewa ya ukaa na kuipuliza ndani ya tangi ili mimea ikue haraka. Sisi hatuhitaji mtungi. Udongo una mabaki ya majani yanayooza polepole, na yakioza hutoa hewa hiyo hiyo. Samaki naye anaitoa. Mimea itakua taratibu, lakini itakua. Mtaalamu wa Marekani, Diana Walstad, alieleza njia hii ya udongo katika kitabu chake cha mwaka 1999.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chukua udongo wa juu wa kawaida. Usichukue kwenye shamba la kabichi au viazi lililopuliziwa dawa. Usichukue penye samadi wala mbolea ya chumvichumvi. Uchekeche, utoe mizizi na mawe.

2. Tandaza udongo chini ya dumu, unene wa sentimita 3. Juu yake tandaza changarawe iliyooshwa, unene wa sentimita 2. Changarawe huzuia udongo usitibuke.

3. Weka kisahani juu ya changarawe. Mimina maji polepole juu ya kisahani hicho. Maji ya chemchemi au ya mvua yanafaa. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yaache wazi siku nzima kwanza. Usitumie ndoo iliyopimia dawa ya shamba, hata kama umeiosha mara kumi.

4. Panda mimea mingi siku hiyo hiyo. Chagua ile inayoishi ndani ya maji, siyo ya ukingoni. Ioshe vizuri. Usilete magugumaji hata kwa kuonja. Magugu hayo yaliingia Ziwa Victoria miaka ya 1980 na kuwasumbua sana wavuvi.

5. Weka dumu karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi kwa saa mbili au tatu. Jua la kutwa litapasha maji moto na kuleta mwani, yaani ule utando wa kijani.

6. Ngoja wiki tatu bila samaki. Usikate tamaa maji yakiwa na rangi ya chai. Katika siku hizo vijidudu vizuri vinaongezeka. Kinyesi cha samaki hutoa sumu yenye harufu kali kama ya choo cha mkojo. Vijidudu hivyo na mimea ndivyo vinavyoiondoa sumu hiyo.

7. Sasa tia vifaranga viwili vya perege, kila kimoja kisizidi urefu wa njiti ya kiberiti. Wakifika urefu wa kidole, warudishe bwawani walikotoka. Usiwamwage mtoni.

8. Funika dumu kwa kitambaa chepesi. Usitumie chandarua chenye dawa, kwa maana dawa ile huua samaki.

Tahadhari: Warington alitumia konokono, lakini sisi tusiwaokote ovyo. Konokono wengine wa maji baridi hueneza kichocho. Sisi tunaokota majani yaliyooza kwa mkono. Dumu la samaki pia lisiachwe bila samaki kwa muda mrefu likiwa wazi, litazaa mbu. Samaki wakiwemo, hula viluwiluwi vya mbu.

KOSA LETU

Dumu letu lilikaa vizuri mwezi mzima. Jumamosi moja tukaona samaki wamekonda. Tukawatupia tonge la ugali, tukafunga darasa tukaenda zetu. Jumatatu alfajiri tulifungua mlango tukakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele, tena yananuka. Samaki wote wawili wako juu, wanapanua midomo.

Mwenzetu wa bwawa alikuwapo. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ndivyo walivyokuwa wa kwangu."

Tulitoa nusu ya maji, tukatia maji mengine. Samaki mmoja alipona. Mmoja alikufa. Kosa lilikuwa letu walimu, wala hatukulificha.

Nini kilitokea? Ugali ulioza. Vijidudu vinavyoozesha navyo huvuta oksijeni. Usiku vijidudu vinavuta, samaki wanavuta, majani nayo yanavuta, na hakuna anayetoa. Ndiyo maana alfajiri ni saa ya hatari kuliko zote.

TOKA DUMU HADI BWAWA

Bwawani ni vivyo hivyo. Rangi ya kijani ya maji ni mwani, mimea midogo sana. Mwani ni chakula cha perege, na mchana hutoa oksijeni. Samadi kidogo huulisha mwani. Samadi nyingi mbichi huoza na kumaliza oksijeni usiku mmoja. Matoroli sita yalifanya bwawani kazi ile ile ambayo tonge letu lilifanya katika dumu.

Basi fuata haya:

Tia samadi kidogo kidogo, pembeni, ndani ya uzio wa fito. Siyo yote kwa siku moja.

Pima ukijani wa maji. Funga kifuniko cheupe cha kopo kwenye fimbo. Kizamishe sentimita 30, yaani urefu wa rula yako ya darasani. Kikipotea machoni mapema kuliko hapo, usiongeze samadi.

Ukiwakuta samaki juu alfajiri, acha chakula, acha samadi, fungulia maji mapya mara moja.

Huku kwetu milimani kuna na baridi. Perege huacha kula maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi. Mwezi wa sita na wa saba punguza chakula. Kisicholiwa kitaoza.

Tena usioshee bomba la dawa kwenye mfereji. Walio chini yako wana mabwawa.

Ufugaji huu si mgeni mkoani Tanga. Majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe mwaka 1949. Wengi waliofuga wameshakutwa na asubuhi kama ile. Asiyejua sababu humtafuta mtu wa kumlaumu.

Mwenzetu alikwenda kwa jirani yake jioni ile ile ya Jumatatu. Walichozungumza ni chao. Sisi tuliona tu kwamba Jumatano walikuja darasani wawili, wakaketi benchi moja mbele ya dumu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Oksijeni: hewa ambayo watu, wanyama na samaki huihitaji ili waishi.
Hewa ya ukaa: hewa tunayoitoa tunapopumua, majani huitumia penye mwanga.
Mwani: mimea midogo ya majini isiyo na maua.
Tibuka: (maji) kuchafuka kwa kuvurugwa.

MASWALI

1. Kwa nini samaki hupanua midomo juu ya maji alfajiri, siyo saa nane mchana?
2. Hewa ya ukaa inatoka wapi katika dumu lisilo na mtungi?
3. Kwa nini tunangoja wiki tatu kabla ya kutia samaki?
4. Andika sentensi tano kumweleza jirani kwa nini matoroli sita ya samadi mbichi ni hatari. Kisha msomee.